Chupa ya Gololi

Bi Mishi hakuiba. Hilo liwekwe wazi mapema, maana jioni ile Munira alilisahau, nusura alitamke neno ambalo mtu halitamki mbele ya mama mkwe wake. Alikuwa ametoka kazini Kizota, kwenye mashine ya kukamua alizeti, kanga yake ingali inanuka mashudu. Aliweka dumu la mafuta chini, akainua macho kutazama dirisha la sebuleni kama alivyozoea, na katikati ya chupa zake akaona pengo.

"Mama," alisema, "chupa yangu ya gololi iko wapi?"

Bi Mishi alikuwa kwenye mkeka anachambua mlenda. "Ipi? Zote si zako?"

"Ile ya kijani, yenye maandishi."

"Aaa, ile! Nimemtilia rafiki yangu Dorkasi mafuta. Alipita asubuhi akielekea stendi. Ningemwacha arudi Bahi mikono mitupu?"

Munira alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

Dirisha lile lina habari yake. Munira alipoolewa na Mudrick aliletwa Mkonze, kwenye nyumba iliyokwisha kupangwa. Makochi yalikuwa mahali pake na vitambaa vya kufuma juu yake, kabati la vyombo lilikuwa limefungwa, na funguo zake zilining'inia kwenye pindo la kanga ya Bi Mishi. Hata msumari wa kutundikia chandarua ulikuwa umepigiliwa na mtu mwingine, tena mahali pabaya. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na bado Munira akitaka sahani ya wageni ilibidi aombe. Kitu pekee ambacho hakikuwa na mwenyewe mle ndani kilikuwa ukingo wa dirisha la sebuleni. Siku moja akaweka pale kichupa cha dawa cha bluu alichookota, na hakuna aliyemwambia akiondoe.

Kumbe ndivyo ugonjwa unavyoanza. Na kama kuna mji wa kuuguza ugonjwa huo, basi ni Dodoma ya siku hizi, inayochimbwa kila kona kama shamba la viazi. Huku ghorofa, kule ofisi, pale hoteli, na chini ya kila msingi, hasa upande wa reli, ardhi inatema chupa za watu waliokwisha kufa: za wino, za siki, za mafuta ya nywele, za dawa ya kikohozi yenye jina ambalo hakuna mfamasia analijua tena. Vibarua walimfahamu. Walimwita Mama Chupa, wakamwekea pembeni walizozifukua, naye akawapelekea maandazi. Nyumbani alizisugua kwa ndimu na mchanga laini mpaka zikang'aa. Nyingine zilikuja zimevunjika shingo, nazo alizikata vizuri akazigeuza vyombo vya maua, kazi aliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu nyingi.

Ile ya gololi aliipata nzima, na hapo ndipo palipokuwa na maajabu. Ilitoka kwenye msingi uliochimbwa mahali palipokuwa na kiwanda cha soda cha Mzee Ebrahim, zama za babu zetu. Soda za wakati ule hazikuwa na kizibo cha bati. Shingo ya chupa ilibanwa katikati, na juu ya pale palipobanwa gololi ya kioo ilifungiwa humo humo, ikisukumwa na gesi kuziba mdomo. Munira alimpelekea Dilnaz, mjukuu wa Ebrahim, anayeuza vitambaa mjini. Dilnaz alipitisha kidole juu ya jina la babu yake lililoinuka kwenye kioo.

"Hata sisi wenyewe hatuna nzima," alisema. "Watoto wa mji huu walizivunja zote wapate gololi."

"Basi ichukue, dada. Ni ya kwenu."

"Kwetu itaingia kabatini, Munira. Kwako itapata jua. Kaa nayo."

Na jua ililipata. Kila asubuhi lilipopenya dirishani, kijani kile kilitua ukutani, kikashuka polepole juu ya vitambaa vya Bi Mishi, na herufi za Ebrahim zikasomeka kwenye kochi. Munira alikunywa chai yake akitazama. Ilikuwa saa yake ya kuwa mtu mwenye kitu.

Kwa Bi Mishi, chupa ni chombo, na chombo kazi yake ni kutiwa kitu na kwenda kwa mtu. Ndivyo alivyolelewa kule Kondoa: mkono mtupu haulambwi, na mgeni haondoki hivi hivi. Kwa kuwa mafuta ya alizeti hayakukauka mle ndani, na ni Munira mwenyewe aliyeyabeba kutoka Kizota, chupa za dirishani zilikuwa zimetembea kuliko mwenye nazo. Moja ilifika Kondoa ikarudi na asali. Nyingine ilikwenda msibani Manyoni. Zilizorudi zilirudi zimejaa, maana mtu muungwana harudishi chombo kitupu, na zilirudi zinanata, zimezibwa kwa gunzi, shingo imejaa nyuzi za gunia. Munira alizisugua upya. Kabla hazijakauka, mgeni mwingine alikuwa anapiga hodi. Ukitaka kujua maana ya kuteka maji kwa pakacha, muulize yeye.

"Mama, ile si chupa ya kutia mafuta," alisema jioni ile, akijitahidi sauti isipande.

"Chupa isiyotiwa kitu ni ya nini?"

"Ya kutazama."

"Kutazama." Bi Mishi alilirudia neno hilo akiligeuza kama nyanya ya sokoni, anatafuta upande uliooza. "Haya. Dorkasi ataileta. Yule hana tabia ya kukaa na chombo cha mtu."

Dorkasi hakuileta. Jumapili zilipita, misafara ya watu wa Bahi ilikuja mjini na kuondoka, na pengo likabaki pengo. Mudrick, mtu wa amani anayependa kila ugomvi uishe kabla ya chakula, alimletea mke wake chupa ya plastiki yenye kifuniko chekundu. "Hii haivunjiki," alisema kwa fahari. Munira aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda jikoni akagombana na sufuria.

Kilichomkera zaidi si chupa peke yake. Ni kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Utamlaumuje mama mkwe kwa ukarimu? Ukimwambia mtu kuwa mama mkwe wako anagawa mno, ni wewe utakayeonekana mchoyo. Hasira ile ikabaki ndani, haina mlango. Mwisho wake akaomba ruhusa kazini, akapanda gari la kwenda Bahi.

Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimewatupa watu wa Bahi. Bodaboda ilimpitisha kando ya majaruba ya mpunga yaliyopasuka vipande vipande, makavu, ng'ombe wakitafuta mabua yasiyokuwepo. Munira aliyaona kwa macho, lakini moyo wake ulikuwa umejaa chupa, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine. Alimkuta Dorkasi uani, mama mwembamba mwenye kilemba cha kitenge, anafagia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Ni mke wa Mudrick huyu? Mishi hajambo? Karibu, karibu kiti."

Walisalimiana mpaka salamu zikaisha. Munira akaiona kupitia mlango uliokuwa wazi: imesimama juu ya meza ndogo, juu ya kitambaa cheupe, imeoshwa ikatakata.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ile chupa."

Uso wa Dorkasi ulibadilika. Aliegemeza ufagio ukutani taratibu. "Najua nimekaa nayo. Sikusahau, mwanangu, usinielewe vibaya. Nilikuwa nasubiri mvua zinyeshe, nivune hata kidogo, nije nayo na kitu ndani."

"Si lazima iwe na kitu. Nipe tu hivyo hivyo."

"Tupu?" Dorkasi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. "Mishi amenijazia mafuta mpaka shingoni, nimrudishie hewa? Atanionaje? Niache nivune."

Hapo ndipo Munira alipopaswa kusema, sawa Mama, haina haraka. Maneno yenyewe si mengi, na mtu aliyelelewa vizuri anayo mdomoni muda wote. Lakini aliyafikiria mavuno yalivyo mbali. Aliwafikiria wajukuu wa nyumba ile na gololi ile inayoita. Akafikiria pengo.

"Mama, nimetoka mbali," alisema. "Leo siondoki bila ile chupa."

Dorkasi alimtazama. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Subiri," akaingia ndani.

Munira alisubiri, kisha akasubiri tena. Jua lilihama, kivuli cha nyumba kikamkimbia, akahamisha kiti, kivuli kikamkimbia tena. Kutoka ndani alisikia gololi ikilia kwenye kioo, tik, kimya, tik, kimya, na kila ilipolia meno yake yaliuma. Anafanya nini huyu mama? Chupa ni ya kuchukua na kuleta tu! Alimwona kuku akilala mavumbini, akamwonea wivu.

Dorkasi alipotoka, chupa ilikuwa imejaa mpunga, imezibwa kwa gunzi jipya. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. "Mdomo wake mgumu," alisema. "Ukitia nyingi zinakwama, inabidi punje mbili tatu. Msalimie Mishi. Mwambie nimejaza."

"Ahsante sana, Mama!" Munira alisema kwa furaha ya kweli, akaikumbatia chupa njia nzima mpaka Mkonze.

Bi Mishi aliipokea mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu Munira aanze kukusanya chupa, alimwona mama mkwe wake akiinua moja kwenye mwanga na kuitazama. Aliitazama sana. Akatoa gunzi, akapata punje moja iliyokwama mdomoni, akaisugua kiganjani.

"Huu una majivu," alisema.

"Utapepetwa tu, Mama."

"Munira. Mpunga wa kula hautiwi majivu. Majivu yanatiwa kwenye mbegu, mdudu asiingie." Bi Mishi alikaa kwenye kochi, mtu ambaye siku zote alikaa kwenye mkeka. "Hii ni mbegu ya Dorkasi. Ni ile ile aliyopewa na mama yake, naijua tangu tunauza pamoja sokoni. Huwa anaihifadhi kwenye kibuyu juu ya moshi. Ulimwambiaje?"

Munira alihisi masikio yakimwaka. "Nilimwambia siondoki bila chupa."

Bi Mishi aliirudisha punje ndani, akaziba kwa gunzi. Afadhali angetukana. Alimrudishia chupa, akaenda kukoka moto, na alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Wingu limeanza kujikusanya upande wa Bahi."

Basi kazi ikawa kuitoa mbegu. Munira aliipindua chupa: gololi ikashuka, ikakaa mdomoni sawasawa, ikaziba. Aliilaza upande: punje zikakusanyika kwenye lile koo lililobanwa, zikashikana mbavu kwa mbavu, zikagoma. Alitikisa, zikatoka punje tatu na majivu. Alichokonoa kwa spoku ya baiskeli, akapata mbili, moja imepasuka. Alijaribu sindano ya kufumia. Alipiga kitako cha chupa kwa kiganja mpaka kiganja kikawa chekundu. Mzee Ebrahim, Mungu amrehemu, alikuwa ameagiza chupa inayopokea kila kitu isiachie chochote isipokuwa maji. Munira alimsema Ebrahim. Alimsema Dorkasi na adabu zake, kwani nani alimwomba ajaze? Alimsema mama mkwe na mafuta yake, na mvua iliyokataa mwaka jana na sasa inataka kuja kwa haraka. Alipomaliza kuwasema wote alibaki yeye, na chupa mapajani.

"Nunua mbegu nyingine dukani, tumpelekee," alisema Mudrick. "Tena zile za kisasa."

"Mbegu ya mama yake utaipata duka gani?" Bi Mishi aliuliza kutoka jikoni.

Mudrick akatafuta remoti.

Ukweli ni kwamba Munira alijua la kufanya tangu punje ya kwanza ilipokwama. Alizungukazunguka tu, kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa, kwa sababu hakutaka kuliona. Alasiri ya siku ya pili alitoka uani na vifaa vyake. Alichovya uzi wa pamba kwenye mafuta ya taa, akauzungusha chini kidogo ya koo, pale kioo kilipoanza kupanuka, akaukaza, akafunga fundo. Mikono ilikuwa inajua. Ilikwisha kukata chupa nyingi, lakini zile zilikuwa mbovu tayari. Hii ilikuwa nzima. Ilikaa chini ya ardhi miaka yote ile, ikapitwa na mawe ya watoto na meno ya tingatinga, ikafika kwake.

Aliwasha uzi. Moto mdogo ukatambaa kuizunguka shingo, naye akaigeuza polepole hadi ukafa. Akaifunga kwa kitambaa kilicholowa maji ya barafu.

Tak.

Ilikatika vizuri, sawasawa kama iliyopimwa. Munira alilia hapo hapo uani, kwa sauti, bila kujificha, kilio cha hasira zaidi kuliko huzuni, huku anamwaga mbegu kwenye ungo. Kisha akajifuta, akaipembua mbegu ile juani punje kwa punje, asije akaachia kipande cha kioo kikamkata Dorkasi vidole. Alipiga msasa ukingo wa chupa mpaka ukawa laini. Akairudisha mbegu ndani, akaifunika kwa kitambaa na mpira. Bi Mishi, aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni tangu mwanzo, akaleta mafuta ya alizeti ya kumpelekea rafiki yake. Alikuwa ameyatia kwenye ile chupa ya plastiki yenye kifuniko chekundu.

Bahi ilikuwa inanuka mvua. Dorkasi alikuwa uani tena, na alipomwona Munira aliacha jembe alilokuwa analitia mpini.

"Mama, nisamehe," Munira alisema kabla ya salamu, akapiga goti. "Sikujua kama ni mbegu. Nimekurudishia yote, isipokuwa punje moja niliyoipasua."

Dorkasi aliipokea chupa. Hakuuliza kitu, na wala hakujifanya kuwa haikuwa mbegu. Alifungua kitambaa, akaingiza mkono mzima ndani, akaushika mpunga wake akakaa nao kidogo. Macho yake yalikuwa yameloa. Halafu akatabasamu.

"Mdomo umepanuka," alisema. "Sasa hii ndiyo chupa! Ile nyingine ilinitesa, mwanangu."

Aliingia ndani, akairudisha mbegu kwenye kibuyu. Munira alisikia ikimiminika mara moja, shaaa, bila tik hata moja. Alisimama mlangoni akingoja chupa yake. Ilikuwa bado ya kijani, bado ina jina la Ebrahim, na ingekaa vizuri dirishani ikiwa na maua. Dorkasi akaipangusa kwa pindo la kitenge chake, akaisimamisha juu ya meza ndogo, juu ya kile kitambaa cheupe, akarudi nje mikono mitupu.

"Hiyo nitaileta mwenyewe nikivuna," alisema. "Mwambie Mishi. Siwezi kumrudishia tupu."

Munira alifungua mdomo. Maneno yote ya safari ya kwanza yalikuwepo, yamejipanga, tena yamevimba zaidi. Akayameza, na yalishuka kwa tabu.

"Sawa, Mama," alisema. "Haina haraka."

Mvua ilimkuta njiani, ikamlowesha mpaka Mkonze.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka safi. Katikati ya dirisha, kwenye pengo, Munira aliweka kilichobaki: mdomo, koo na gololi ndani yake. Kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto. Kilitupa ukutani duara moja la kijani, na ndani ya duara doa la gololi likicheza.

Bi Mishi alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama. Alikiokota kile kipande.

"Na hii inatiwa nini?"

"Haitiwi kitu, Mama. Haina chini."

Bi Mishi aliigeuza. Alichungulia tundu la juu, akachungulia la chini, akaitikisa gololi ikalia. Alionekana anafikiria kwa bidii, anamtafuta mgeni wa kumpa na kitu cha kumtilia, na hakupata. Akairudisha pale pale ilipokuwa, akaisogeza kidogo isiwe ukingoni sana.

"Basi hii," alisema, "ni yako."